Aligeta Aliyezoea Watu: Dalili, Vyanzo na Hatua za Kuchukua kwa Mkaazi wa Florida

Katika jimbo la Florida nchini Marekani, ambako aligeta, wanyama wa jamii ya mamba, wanakadiriwa kufikia milioni 1.3 na wanapatikana katika kaunti zote 67, kumwona mmoja akielea katika bwawa lililo nyuma ya nyumba yako si tatizo. Tatizo huanza pale mnyama ambaye angepaswa kuzama na kwenda zake akuonapo anapogeuza pua na kuyakata maji taratibu kuelekea uliposimama. Malalamiko ya namna hiyo husikika kila mwaka katika mitaa yenye mabwawa ya kukusanyia maji ya mvua, na ingawa kila mkaazi huyaeleza kwa namna yake, ukiyafuatilia utakuta mengi yanaishia mlango mmoja: kuna mtu anayemlisha.

Wengi wetu tuliokulia kando ya Rufiji, Tana au Ziwa Tanganyika tulifundishwa kumwogopa mamba kabla hatujafundishwa kuogelea. Tukifika huku tunakutana na mnyama mwenye pua pana na butu, anayeshinda akiota jua kama gogo, nasi tunamchukulia kuwa ni binamu mpole wa mamba tuliyemjua. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, kwa kuwa aligeta wa porini kwa kawaida humkwepa binadamu, tofauti na mamba wa Mto Nile ambaye humwinda mtu kama anavyowinda swala. Lakini upole huo ni woga tu, na woga huo ndio uzio pekee uliopo kati yake na watoto wanaocheza ukingoni. Anayemrushia kipande cha kuku hamfugi. Anauvunja uzio huo kwa mikono yake.

Kabla ya kuanza: pima kwa macho, ukiwa mbali

Hatua yoyote utakayochukua inategemea ukubwa wa mnyama, nao unaweza kukadiriwa hata kama kinachoonekana juu ya maji ni macho na pua tu. Kila sentimita mbili na nusu kati ya macho na matundu ya pua huwakilisha takriban sentimita 30 za mwili mzima. Kwa hiyo aligeta ambaye nafasi hiyo kwake ni sentimita 10 ana urefu wa karibu mita 1.2, na hicho ndicho kipimo ambacho mamlaka ya wanyamapori ya Florida hutumia: kuanzia urefu huo, aligeta anayeonekana kuwa hatari kwa watu, mifugo ya nyumbani au mali anaweza kuondolewa. Fanya makadirio haya ukiwa umbali wa mita 18 au zaidi, mchana, na usisogee karibu ili kupata picha nzuri ya simu.

Dalili ya kwanza: anakuja ukingoni anapoona watu au kusikia sauti fulani

Hii ndiyo dalili inayopaswa kukunyima usingizi. Chanzo kinachoongoza ni kulishwa moja kwa moja, yaani mtu kumtupia mkate, mabawa ya kuku, soseji, au zile peremende nyeupe laini ziitwazo mashimalo, ambazo huelea vizuri na kumvutia. Wapo wanaojitetea kwamba huko Louisiana waongozaji wa watalii huwarushia aligeta mashimalo mbele ya kamera, na hilo ni kweli. Lakini mashua ya watalii huondoka mahali pale, ilhali nyumba yako haiondoki.

Chanzo cha pili ni mabaki ya samaki, na hapa jamii yetu inahusika zaidi ya inavyokiri. Katika mtaa nilioishi zamani kulikuwa na mzee mmoja wa Kigoma ambaye kila Jumamosi asubuhi aliparua sato wake kwenye kigati cha mbao kilichokuwa nyuma ya nyumba, akitupa matumbo na magamba majini kama alivyofanya maisha yake yote huko ziwani. Siku moja nilisimama naye. Aliweka ndoo juu ya mbao, ikatoa ule mlio wa plastiki ngumu kugonga ubao, na kabla hajachomoa kisu, kule ng'ambo chini ya mti mkubwa maji yalijikunja na vichwa viwili vya giza vikaanza kuja, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, bila haraka yoyote.

Nikamwambia, "Mzee, hawa wanakuja kwa sababu ya ndoo, si kwa sababu ya samaki."

Akacheka. "Hawa ni wateja wangu, mwanangu. Hawana neno."

Huo mlio wa ndoo ndio kipimo bora nikijuacho. Aligeta anayefuata harufu ya damu iliyo majini anafanya kazi yake ya porini, lakini anayekuja kwa sauti ya ndoo, mkwaruzo wa mfuko wa plastiki, au mlango wa kioo unaosukumwa, amekwisha kujifunza kwamba sauti ya binadamu maana yake ni chakula. Hawezi kutofautisha mzee mwenye ndoo na mjukuu wake mwenye kopo la kuchezea.

Chanzo cha tatu ni bata na kasa. Mama anayewapeleka watoto wake jioni kuwalisha bata kwa mkate wa jana hamlishi aligeta kwa makusudi, lakini bata wanaokusanyika mahali pamoja kila siku kwa saa ile ile ni karamu iliyoandaliwa, na mvamizi atajifunza saa hiyo upesi kuliko wewe. Chanzo cha nne ni chakula cha paka au mbwa kinachoachwa barazani usiku, pamoja na mapipa ya taka yasiyofungwa vizuri karibu na maji. Mwisho, na si mara nyingi, ni aligeta aliyezoeshwa kwenye bwawa jingine akahamia kwenu, hivyo kwamba hakuna mtu mtaani mwenu mwenye kosa lolote.

Anza na ukaguzi rahisi. Pita kando ya bwawa mchana, ukikaa mbali na ukingo, uangalie kama kuna makombo ya mkate, mifupa ya kuku, pakiti tupu za chambo au magamba ya samaki yaliyokaukia kwenye mbao. Waulize watoto kabla ya kuwauliza wakubwa, kwa kuwa watoto ndio wanaojua nani anarusha nini, na mara nyingi watakutajia jina ambalo mnyama huyo amepewa. Aligeta mwenye jina ni aligeta anayelishwa. Kisha zitazame jioni mbili tatu ukiwa dirishani: je, anatokea saa ile ile, mahali pale pale?

Ukishajua chanzo, kikomeshe siku hiyo hiyo. Matumbo ya samaki yafungwe kwenye mfuko na yawekwe kwenye friza hadi siku ya gari la taka, jambo ambalo yule mzee alilikubali hatimaye baada ya mkewe kulalamikia harufu ya pipa, si baada ya hotuba zangu. Bata waachwe wajitafutie. Chakula cha mbwa kiingizwe ndani kabla ya magharibi. Msimamizi wa nyumba za kupanga, au chama cha wamiliki wa nyumba pale kinapokuwepo, aombwe aweke kibao cha onyo ukingoni, na kama wakaazi ni wa lugha mbalimbali basi kibao kiwe na picha.

Hata hivyo, usidhani kwamba mnyama aliyezoea ataacha siku ile mliyoacha ninyi. Ataendelea kuja kudai alichozoea kupewa, na hakuna njia ya kuaminika ambayo mkaazi wa kawaida anaweza kuitumia kumrudishia woga wake. Kumpiga kwa mawe au kumchokoa kwa mti ni hatari na pia ni kinyume cha sheria. Ikiwa ana urefu wa mita 1.2 au zaidi na anawajia watu, huu ndio mwisho wa kazi yako. Piga simu ya aligeta wasumbufu ya mamlaka ya wanyamapori ya Florida, namba 866-392-4286, ambako huduma hailipiwi na mkaazi.

Kuhusu sheria, ni vyema jambo hili lieleweke bila kuzungushwa. Kumlisha aligeta wa porini ni kosa katika Florida: mara ya kwanza ni faini ya dola 100, na anayerudia huingia katika makosa ya jinai yanayoweza kumfikisha jela. Katika Texas ni kosa pia, na faini yake inaweza kufikia dola 500. Kwa mwenzetu ambaye bado anasubiri karatasi zake za uhamiaji, rekodi ya jinai kwa ajili ya kipande cha kuku si jambo la kuchezea.

Dalili ya pili: amelala ukingoni kinywa wazi, hasogei

Mara nyingi hii si hitilafu. Aligeta hana joto lake mwenyewe la mwili, hivyo huota jua ili apate joto, na hufunua kinywa ili kulipunguza linapozidi. Hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi 21 za Selsiasi hamu yake ya kula hupungua sana, na chini ya nyuzi 13 hulala tu. Kwa sababu hiyo mtu anayemwona mnyama "mgonjwa" mwezi Januari na kumpelekea chakula anafanya makosa mawili kwa pamoja. Mwache, mpite kwa mbali, na mfunge mbwa wako kamba.

Iwapo lakini umepita umbali wa mita 20, akakuona, na badala ya kuteleza kuingia majini akainua kichwa na kukutazama kama anayesubiri kitu, rudi kwenye dalili ya kwanza.

Dalili ya tatu: ameonekana uani, gerejini au ndani ya bwawa la kuogelea

Angalia kalenda kwanza. Aligeta huanza kutafutana mwezi Aprili na hupandana Mei na Juni, na katika majira hayo madume makubwa huwafukuza madogo, ambayo hulazimika kutembea nchi kavu kutafuta maji mengine. Anayekatiza uani kwako wiki ya pili ya Mei huenda ni msafiri tu. Ingiza watoto na wanyama ndani, funga milango, mpe saa chache, na usiku ukipita mara nyingi atakuwa ameondoka.

Sababu inayofuata ni kiu na ukame, mabwawa madogo yanapokauka. Baada ya hapo ndipo ishuku chakula, hasa kama anarudi uani kwako zaidi ya mara moja au anajibanza karibu na jiko la kuchomea nyama, pipa la taka au banda la kuku. Wafugaji wa kuku wa uani wafahamu kwamba uzio wa waya mwepesi haumzuii, kwani aligeta hupanda uzio kwa ustadi unaoshangaza.

Akiwa ndani ya gereji au bwawa la kuogelea, piga simu hata kama ni mdogo. Usijaribu kumswaga kwa fagio. Mnyama asiye na njia ya kutokea ndiye anayeuma.

Dalili ya nne: anafoka na kuchomoka kwenye majani

Hapa kulisha huwa ni sababu ya mwisho katika orodha. Kati ya Juni na mwanzoni mwa Septemba, aligeta anayefoka kwa nguvu na kukurukia kutoka kwenye matete kwa kawaida ni mama anayelinda kiota. Hujenga kichuguu cha majani na matope, hutaga mayai kati ya 30 na 50, na huyalinda hadi yaanguliwe kuanzia katikati ya Agosti. Joto la kiota ndilo linaloamua kama watatoka majike au madume. Utamtambua kwa jambo hili: anakukimbilia hatua chache kisha anarudi palepale, wala hakufuati.

Rudi nyuma ulikotoka. Akikujia nchi kavu, kimbia moja kwa moja mbali na maji. Ule ushauri wa kukimbia kwa kupindapinda, unaosimuliwa kila mahali, unakupunguzia kasi bure, kwa kuwa mbio za aligeta ardhini ni fupi na huchoka mapema.

Sehemu hii inawahusu pia wazazi ambao watoto wao wamerudi nyumbani na ndoo yenye vijaligeta viwili vya urefu wa kiganja, vyenye mistari ya manjano, vinavyolia kama vifaranga. Sauti hiyo ni ya kumwita mama, na mama hukaa na wanawe kwa mwaka au zaidi. Kuvishika ni kosa kisheria. Usiende mwenyewe kuvirudisha. Ipigie mamlaka ya wanyamapori upewe maelekezo.

Dalili ya tano: aliondolewa, lakini baada ya wiki chache amekuja mwingine

Hili ndilo lalamiko linalowakatisha watu tamaa, na ndilo linalofundisha zaidi. Mkaazi hupiga simu, mamlaka hutoa kibali, mkamataji aliyepewa mkataba hufika kwa ruhusa ya mwenye eneo na kumwondoa mnyama, mtaa unapumua, kisha macho mengine mawili yanatokea pale pale. Watu husema huduma haifanyi kazi. Huduma imefanya kazi. Kilichobaki ni meza iliyoandaliwa. Bwawa lenye samaki, bata na mabaki ya chakula, katika jimbo lenye aligeta kila kona, halikai tupu.

Kwa hiyo rudia ukaguzi wa dalili ya kwanza kwa ukali zaidi. Mara nyingi utakuta kuna mlishaji wa siri, na kwa kawaida si mtu mbaya: ni mstaafu mpweke anayefurahi kuona kiumbe kinamjia, au mpangaji mpya aliyetoka jimbo la baridi na anayetaka video ya kuwatumia ndugu zake. Zungumza naye kwa heshima, na umweleze jambo ambalo wengi hawalijui. Aligeta msumbufu aliyekamatwa hapelekwi porini kuanza maisha mapya. Wanaohamishwa hujaribu kurudi walikotoka, na mabwawa ya porini yanayofaa tayari yana wenyewe, hivyo wengi wao huuawa, na ngozi na nyama ndivyo vinavyomlipa mkamataji sehemu kubwa ya jasho lake. Mimi nimeona watu waliopuuza habari za faini na hatari wakinyamaza waliposikia hilo, kwa sababu walikuwa wamempenda kweli yule mnyama.

Iwapo mazungumzo hayakusaidia, usigombane naye wala usimwinde kwa kamera. Toa taarifa kwa mamlaka ya wanyamapori, ambayo ina maofisa wa sheria wa kazi hiyo.

Dalili ya sita: anafuata mshipi wa mvuvi au mbwa anayetembezwa

Boya linaloelea na samaki anayehangaika kwenye ndoana vinafanana sana na windo, na mvuvi anayemwachia aligeta samaki wake ili aokoe mshipi amemlisha vilevile, hata kama hakukusudia. Vuta mshipi mapema unapomwona akikaribia, hamia upande mwingine wa bwawa, na akishika samaki, kata uzi. Chambo kilichobaki usikimwage majini.

Mbwa naye, hasa mdogo, kwa ukubwa na mwendo wake ni windo la kawaida machoni pa aligeta. Mwaka 2023, mji wa Fort Pierce, bibi mmoja wa miaka 85 aliuawa alipokuwa akimtembeza mbwa wake kando ya bwawa la makazi yao. Mwaka 2016, mtoto wa miaka 2 alichukuliwa usiku ukingoni mwa ziwa dogo la hoteli ya kitalii karibu na Orlando, maji yakiwa hayajamfika magotini. Matukio kama haya ni machache. Kuumwa bila uchokozi kunakohitaji tabibu katika Florida hutokea takriban mara 8 kwa mwaka. Lakini uchache huo unategemea aligeta kuendelea kutuogopa. Tembeza mbwa kwa kamba fupi, mbali na ukingo, na usiogelee nje ya maeneo yaliyoruhusiwa wala kati ya machweo na mapambazuko, ambapo aligeta huwa hai zaidi.

Wakati wa kuacha kila kitu

Mnyama akimkamata mtu, hakuna utatuzi mwingine isipokuwa kupambana kwa kelele na nguvu zote, kumpiga puani na machoni, kwa kuwa mara nyingine humwachia anayemletea taabu na kukimbia. Piga 911, namba ya dharura. Hata jeraha likionekana kuwa dogo, mithili ya mikwaruzo michache mguuni, nenda hospitali siku hiyo hiyo, wala usilitibu kwa chumvi na maji moto nyumbani, kwa maana kinywa cha aligeta na maji ya bwawa vina bakteria wanaoozesha nyama haraka. Ukifika, mweleze tabibu waziwazi kwamba uliumwa na aligeta na kwamba jeraha liliingia maji ya bwawa, hata kama unaona aibu kueleza ulikuwa unafanya nini pale, kwa sababu maelezo hayo ndiyo yatakayomwongoza kuchagua dawa.